Kila Jumanne ya Pili

Jina lake lina herufi sita, nusu yake hazina kazi:
linaandikwa Eilidh, linatamkwa Eli.
Ana miaka ishirini na tisa na viganja vya moto,
na kila Jumanne ya pili, saa nne na nusu,
ananiuliza swali lile lile:
"Leo panauma wapi?"

Mwanangu, usiulize panapouma.
Uliza pasipouma, tumalize mapema.

Miaka thelathini na mmoja nimefua mashuka
ya hospitali hapa Dundee, mashuka yaliyolowa,
mazito kama mtu aliyekataa kuamka.
Bega la kulia ndilo lililolipa kodi ya nyumba.
Magoti yalisomesha watoto watatu.
Shingo, nadhani, ndiyo iliyomzika Shemboza,
maana tangu siku ile haijageuka vizuri.

Jengo hili lilikuwa kiwanda cha juti.
Mji mzima ulisokota magunia,
na baba yangu kule Muheza akikata mkonge
bila kujua kwamba dunia ina mji mwingine
unaokohoa vumbi la kamba.
Sasa ghorofa ya chini kuna kitanda chembamba
chenye tundu la kuingiza uso,
nami hulala kifudifudi nikitazama soksi za Eli:
moja ya kijani, moja ina picha za kondoo.

Binti yangu ndiye aliyenilipia mara ya kwanza,
zawadi ya kutimiza sabini. Nilinuna siku mbili.
Nivue nguo mbele ya mtoto wa watu?
Kwetu mtu hakandwi bila sababu:
akizaliwa, anyooshwe viungo;
akizaa, maji ya moto na kitambaa, siku arobaini,
mkandaji akilibana tumbo lirudi mahali pake;
na akifa, ila hapo haiitwi tena kukanda.
Muosha huoshwa, walisema.
Hawakusema kitu juu ya miaka ya katikati.

Na miaka ya katikati ni mingi, jamani.
Nikahesabu pale pale, uso ndani ya tundu:
tangu Shemboza aondoke, nani amenigusa?
Daktari, kwa glavu. Kijana wa dukani, akirudisha chenji.
Upepo wa mto Tay, usio na adabu.
Nikalia. Machozi yakadondoka moja kwa moja
juu ya soksi ya kijani. Eli hakusema neno.
Alisogeza mguu kidogo, akaendelea.

Siwadanganyi: presha bado naimezea kidonge,
na goti la kushoto lina mkataba wake na mvua.
Lakini usiku ule nililala mfululizo hadi alfajiri,
na miezi mitatu baadaye mkono ukafika rafu ya juu,
pale lilipo birika la Shemboza,
nililokuwa nikiliangalia tu, kama picha ya mtu.
Na nyayo zangu zimeanza tena kuisoma ngazi:
hapa pana barafu, hapa pakavu, hapa shika chuma.
Mzee haanguki kwa uzee. Huanguka
kwa kutojua mguu wake umefika wapi.

Leo Eli alichelewa kunigeuza.
Nikamwona anakibana kidole gumba cha kulia,
anakipuliza, anakificha nyuma ya taulo.
"Lete," nikamwambia.
"Hapana, Bi Mwanamkasi, muda wako unaisha."
"Muda wangu naujua mimi. Lete mkono."

Nikaketi, shuka kifuani kama bibi harusi
wa siku saba, nikachovya mafuta yake mwenyewe,
nikaanza penye kifundo, kama nilivyofanyiwa,
kwenda juu, polepole, nikiifuata njia ya damu.
Ulikuwa umekaza kama kamba mbichi.
Alifumba macho. Nje, basi la saa sita kasorobo
likapita bila mimi.